Mwaka unatimia tangu tumpoteze kijana wetu. Tumkumbuke vipi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa watoto watatu, au wawili, sijui siku hizi nihesabu vipi. Naishi mkoa wa Morogoro, kazi yangu ni useremala. Safu yako huwa anaisoma mke wangu, ila barua hii hajui kama naiandika, kwa hiyo naomba usitaje tunapoishi wala shule.

Mwezi wa kumi mwaka jana kijana wetu wa kwanza alijiua. Alikuwa na miaka 17, kidato cha tatu, anasoma shule ya kata na kurudi nyumbani kila siku. Hakuwa mkorofi. Darasani alikuwa wa katikati, uwanjani anacheza namba sita, na jioni akishavua sare anakuja karakana kunishikia mbao. Miezi ya mwisho alipunguza maneno. Mazoezi akaacha, chakula anakigusagusa tu. Mama yake alidhani ni mambo ya mapenzi ya utotoni, mimi nilidhani ni umri. Wiki hizo mama yake alikuwa amemnyang'anya simu kwa sababu masomo yalikuwa yameshuka, na hilo ndilo linalomla mpaka leo. Hakuacha barua wala neno.

Mazishi yalikuwa ya harakaharaka. Wazee wa ukoo walikaa usiku uleule wakaamua azikwe asubuhi, pembeni ya makaburi yetu, pasiwe na matanga na wasifu usisomwe. Waliokuja waliambiwa aliugua ghafla. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Padre alikuja, akasali, hakuuliza kitu. Kesho yake mke wangu alishusha picha zake zote ukutani, hata ile ya Komunyo ya Kwanza, akazifunga kwenye khanga na kuziweka juu ya kabati. Tangu hapo jina lake halitajwi ndani ya nyumba. Mtoto wetu wa mwisho, wa miaka 8, akijisahau akalitaja, mama yake anainuka na kutoka nje.

Sasa mwaka unatimia. Mimi nataka isomwe misa ya kumbukumbu, na baada ya misa nisimame niseme kijana wangu alikufaje. Si kwamba napenda kujianika. Mwezi wa nne kijana mwingine wa mtaa wa pili alijaribu, akawahiwa. Baba yake alikuja kwangu usiku kuniuliza afanye nini, maana alijua ya kwangu. Kwa kweli watu wote wanajua, ila wananiangalia usoni na kusema "yule mtoto aliyeugua". Tukakaa wawili karakana, sina la kumwambia, na yeye hana la kuniambia. Nikawaza kwamba kama tungelisema mapema, huenda asingefika kwangu gizani.

Mke wangu amekataa katakata. Amesema nikisimama mbele ya watu kumtangaza mwanawe, anarudi kwao. Shemeji yangu naye ana binti aliyeletewa posa, anasema nikisema mimi, ukoo mzima utahesabiwa kuwa na mkosi. Wazee wanadai kuna pepo la ukoo linalohitaji kutulizwa, na kuzungumza ni kuliita.

Halafu wapo rafiki zake. Jumamosi moja walikuja karakana, wale waliokuwa wanacheza naye, wamesimama mlangoni hata kukaa hawataki. Wanataka kufanya bonanza la mpira siku ile ya tarehe, kwenye uwanja wa shule, kombe lipewe jina lake, wavae fulana zenye picha yake na maneno "Pumzika shujaa". Kila mwezi tarehe hiyo wanaweka picha zake kwenye WhatsApp. Mimi nililia mbele yao, Shangazi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumsikia mtu akitaja jina lake kwa furaha. Nikawakubalia. Mkuu wa shule akakataa. Anasema shule haiwezi kufanya sherehe ya kifo cha namna ile. Vijana wamekasirika, wanasema watafanya hata kama ni uwanja wa mtaani.

La mwisho ni binti yetu. Ana miaka 14, kidato cha kwanza, shule ileile aliyosoma kaka yake. Usiku analala amevaa jezi ya kaka yake, na mara nyingi nikiamka saa nane au tisa naona taa ya simu inawaka. Juzi tunakula, bila mtu kumuuliza, akasema: "Kaka sasa amepumzika, hachapwi, haulizwi maswali." Mama yake akaangusha kijiko. Mimi nikasema kula chakula. Nataka kuongea naye lakini naogopa nikilitaja lile jambo nitampa wazo ambalo hakuwa nalo.

Kijana wangu aliacha rafu ya vitabu ambayo alikuwa anaitengeneza mwenyewe. Vipande vya mninga vipo karakana, vina alama zake za penseli, ameandika "mbele" na "chini" kwa mwandiko wake. Kila nikishika randa nimalizie ile kazi nashindwa, kwa sababu randa itafuta zile alama.

Niambie, nisimame siku ya misa au ninyamaze? Hawa vijana niwaunge mkono? Na binti nimwanzeje?

Baba Seremala, Morogoro

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, baba, na pole sana. Pole kwako, kwa mama yao, kwa binti na kwa yule mdogo wa miaka 8. Kwa jinsi ulivyosimulia msiba wenyewe ulivyokwenda, nadhani hamkuwahi kupewa pole ya kweli. Mlipewa pole ya ugonjwa wa ghafla, mkaipokea, mkabaki na msiba mwingine ambao hakuna aliyekuja kuukalia pamoja nanyi.

Na kabla ya mengine yote, una watoto watatu. Mtu akikuuliza, una haki ya kusema watatu, mmoja ametangulia.

Umeuliza juu ya misa, kisha bonanza, binti ukamweka mwishoni. Niruhusu nianze na binti, kwa sababu misa na bonanza vinaweza kusogezwa mbele na yeye hapana. Ukimaliza kusoma jibu hili lote au usipolimaliza, naomba hili la binti ulifanye leo au kesho.

Aliyoyasema mezani yanaweza kuwa majonzi ya kawaida. Hata sisi watu wazima makaburini husema marehemu amepumzika. Lakini inawezekana pia anajaribu kuona kama mna ubavu wa kusikia zaidi ya hapo, na alipoona kijiko kimeanguka akapata jibu. Kwa barua mimi siwezi kujua ni lipi kati ya hayo, na wewe kwa kumtazama tu hutajua. Kutolala, kukesha na simu, kusema kifo ni nafuu, na juu ya yote kuwa amefiwa na kaka kwa njia hiyo, ni mambo ambayo mimi nisingeyaacha yapite bila kuuliza.

Hofu yako kwamba ukiuliza utampa wazo wanayo wazazi wengi, na walimu pia. Jambo hili limechunguzwa miaka mingi na Shirika la Afya Duniani linalisema wazi: kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumsukumi kujiua. Mara nyingi humpunguzia mzigo, kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna mtu mwingine anayelijua. Tena fikiria, baba. Binti yako alikuwepo nyumbani mwaka jana. Anajua kaka yake alikufaje. Asichokijua ni kama kuna mtu katika nyumba hiyo anayeweza kulizungumza bila kuinuka na kutoka nje.

Usimwite sebuleni ukamkalisha kama kesi. Vijana huongea vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine. Mwite karakana akushikie ubao, au pigeni msasa kitu pamoja. Mtaje kaka yake kwa jina. Mwambie unamkumbuka, mwambie hata kitu kidogo unachokikosa kwake. Kisha muulize kwa maneno yasiyozunguka: "Nimeona hulali. Ulisema kaka amepumzika. Na wewe kuna wakati unatamani kufa? Umewahi kufikiria kujiua?" Ukishauliza, nyamaza. Usiwahi kusema "usifikirie hivyo, Mungu hapendi", wala "unataka kumuua mama yako kwa uchungu?" Akilia, mwache alie, wewe usiondoke.

Akisema hapana, mshukuru kwa kukujibu na umwambie swali hilo utaliuliza tena siku nyingine, asishangae. Akisema ndiyo, au akakwepa kwa namna inayokutia wasiwasi, muulize kama ameshafikiria atafanya nini na lini. Najua ni swali zito kulitamka kwa mtoto wako. Jibu lake ndilo linakuonyesha uharaka. Kama ana mpango, asibaki peke yake hata kwa saa moja. Dawa za hospitali, dawa ya panya, dawa za shamba na chochote ambacho mtu anaweza kujidhuru nacho kifungiwe au kitoke nyumbani. Nawe una karakana, basi iwe na kufuli. Siku hiyohiyo mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa, ueleze mapokezi kwamba amekuja kwa sababu ya mawazo ya kujiua. Watu wakisikia huduma ya afya ya akili wanawaza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe pale Dodoma na vicheko vya mtaani. Usihofu hilo. Hospitali za mikoa zinatoa huduma hizo, na wengi wanaozipata wanarudi kulala nyumbani kwao.

Asikuombe umfichie siri hii na wewe ukaahidi. Mwambie: "Sitamwambia kila mtu, ila nitamwambia anayeweza kutusaidia." Ipo pia namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, anaweza kupiga yeye au wewe, bila malipo. Namba hiyohiyo inatumika kwa watoto wa Kenya, na ndugu zetu wa huko watu wazima wana Befrienders Kenya, 0722 178 177.

Hapa niweke jambo moja ambalo wengi hulinong'ona. Kwa sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua bado kumeandikwa kama kosa, na kuna familia zimemficha mgonjwa ndani kwa kuogopa polisi. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, namba 226, na tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikasema kinakwenda kinyume na Katiba. Mimi natamani nasi tufike huko. Lakini hata leo, hofu ya sheria isimzuie mzazi yeyote kumkimbiza mtoto hospitali. Mwambie hivyo yule baba wa mtaa wa pili. Na umuulize mwanawe anaendeleaje, maana miezi inayofuata baada ya mtu kujaribu ndiyo anayohitaji zaidi kufuatwafuatwa. Wewe unadhani ulishindwa kumjibu usiku ule. Mimi naona alikuja kwa mtu mmoja ambaye alijua hatamfukuza, na hakumfukuza.

Sasa mama yao. Umeandika juu yake kwa upendo, lakini katika barua yako amekaa upande wa wanaokuzuia, pamoja na shemeji na wazee. Najiuliza kama kweli yuko upande huo. Shemeji anaogopa posa. Wazee wanaogopa jina la ukoo. Mwanamke aliyezifunga picha za mwanawe kwenye khanga yake na kuziweka chumbani sidhani kama anaogopa majirani. Nadhani anaogopa ile simu. Anaogopa kwamba siku utakaposema mbele ya watu kijana alikufaje, swali la pili la kila mtu litakuwa "kwa nini?", na yeye ana jibu lake tayari, na jibu hilo linamtaja yeye.

Je, mmewahi kuliongea la simu, ninyi wawili? Haitoshi wewe kusema "si kosa lako" na kugeukia ukutani. Hakuna mtoto anayekufa kwa sababu ya kunyang'anywa simu. Wazazi wananyang'anya simu kila siku, nchi nzima, na watoto wananuna na kuishi. Kujiua hakuna sababu moja. Mara nyingi kuna mambo mengi yaliyokutana, na mara nyingi katikati yake kuna sonona, ugonjwa ambao kwa kijana unaweza kuonekana kama uvivu, ukimya, hasira au kukosa hamu ya kula. Ulivyoeleza miezi ile ya mwisho, ameacha mpira, ameacha chakula, masomo yameshuka, mimi nasikia kijana ambaye huenda alishaanza kuumwa kabla simu haijachukuliwa. Sikuwepo, sitakuambia ndivyo ilivyokuwa. Nakuambia tu kwamba hadithi ya simu ambayo mama yake anaibeba inaacha nje mambo mengi uliyoyataja wewe mwenyewe.

Kwa hiyo swali lako la misa, nisimame au ninyamaze, naomba tulilegeze kidogo. Umelifanya kuwa la kusema kanisani au kutosema kabisa. Katikati hapo pana nafasi kubwa. Kuna kusema ndani ya nyumba, kuna kusema kwa ndugu wachache, kuna kusema kwa jumuiya ndogondogo yenu, na kuna kusema kwa parokia nzima. Ndani ya nyumba bado hamjasema. Yule wa miaka 8 ameambiwa nini? Kama anaamini kaka yake aliugua ghafla, siku moja mtoto mwenzake atamwambia ukweli kwa lugha ya mtoto, pengine shuleni, na wewe hutakuwepo. Afadhali aupate kwenu, kwa maneno mafupi: kaka alikuwa anaumwa mawazo, maumivu yakamzidi, akajiua, si kosa la mtu yeyote ndani ya nyumba hii, na wewe ukiwa na huzuni tuambie. Namna alivyofanya haina haja ya kuelezwa, kwake wala kwa mtu yeyote.

Ukisimama kanisani huku mama yake hayuko tayari, unaweza kuwasaidia wazazi waliokaa kwenye mabenchi na kumpoteza aliyekaa kando yako. Ninalisema hili nikijua wapo watakaosikia na kuokoka kwa sababu baba mmoja alisema. Na ukinyamaza kabisa, nayo ina gharama. Binti anajifunza kwamba mambo mazito hayasemwi, mke anaendelea kubeba la simu peke yake, na wewe unabaki karakana usiku. Sina mizani ya kupima haya kwa niaba yenu. Ila kuna njia ambazo hamjazijaribu. Padre anaweza kutaja katika mahubiri, bila kumtaja mtu, kwamba wapo miongoni mwetu waliopoteza watoto kwa kujiua, kwamba Kanisa linawaombea, na kwamba anayeteseka aje azungumze. Au mke wako anaweza kuulizwa yeye angependa misa iweje, swali ambalo huenda mtu hajawahi kumuuliza, maana mazishi yaliamuliwa na wazee na misa inaelekea kuamuliwa na wewe. Labda hatataka kusema mwaka huu. Mwaka kesho nao una mwezi wa kumi.

Mwendeeni padre mkiwa wawili, kabla ya siku. Nina sababu. Wakatoliki wengi bado wanaamini kwamba aliyejiua hazikwi na Kanisa wala haombewi, na uchungu huo mama anaweza kuwa nao bila kukuambia. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 kweli iliwanyima maziko waliojiua kwa kusudi. Ya mwaka 1983 imewaondoa katika orodha ya wanaonyimwa. Na Katekisimu ya mwaka 1992, aya ya 2283, inafundisha kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojiua, na kwamba Kanisa linawaombea. Padre wenu alikuja akasali bila kuuliza kitu. Mke wako anastahili kumsikia akiyaeleza haya kwa mdomo wake.

Nije kwa vijana wa mpira. Nimewapenda. Wamesimama mlangoni kwa baba wa rafiki yao, wakati watu wazima wote walikuwa wanapita mbali, wakamtaja kwa jina. Uchungu wa vijana hawa haujahesabiwa na mtu. Wao nao walizika bila matanga, wakaambiwa aliugua, na wao ndio waliojua zaidi kuliko wote kwamba hakuugua ghafla.

Lakini mkuu wa shule naye, hata kama maneno yake yalikuwa makali, ana hoja ambayo naomba uipokee polepole. Kifo cha namna hii kina hatari yake kwa vijana kuliko kwa watu wazima. Kijana aliye na maumivu, ambaye hakuna aliyemsikia akiwa hai, akiona mwenzake amekufa na sasa ana kombe, ana fulana, anaitwa shujaa na uwanja mzima unamlilia, anaweza kupata ujumbe ambao hakuna mmoja wenu aliyekusudia kuutuma. Ndiyo sababu washauri wa shule duniani hupendekeza aliyejiua akumbukwe kama mwanafunzi mwingine yeyote aliyefariki, kwa heshima ileile, bila kufichwa na bila kukuzwa. Katika eneo lenu, ambako mwezi wa nne mwingine alijaribu, mimi ningekuwa mwangalifu maradufu. Simaanishi kwamba yule alimwiga kijana wako, hilo hatulijui. Namaanisha kwamba wapo vijana wanaosikiliza.

Kwa hiyo kinachonitisha hasa ni zile fulana na yale maneno, na ile tarehe kuwekwa kwenye simu kila mwezi. Mpira wenyewe haunitishi hata kidogo. Wakikatazwa kila kitu, watafanya uwanja wa mtaani bila mtu mzima, usiku wakarudi nyumbani na maumivu yaliyochemka, na hilo naliona baya zaidi. Waite tena. Safari hii hakikisha wamekaa. Waambie umefurahi, uwaeleze hofu hii kama unavyowaeleza watu wazima, nao waulizwe wangependa rafiki yao akumbukwe kwa lipi. Wakisema alikuwa anawapa wengine pasi badala ya kufunga mwenyewe, au alikuwa anawachekesha, hayo ndiyo ya kumkumbukia. Kifo chake kisifanywe ndicho kilele cha maisha yake.

Pengine mashindano yakafanyika siku nyingine, mbali na tarehe ile, kwa jina la timu au la darasa lao, na mapumzikoni akaongea mwalimu wa malezi au afisa ustawi wa jamii juu ya namna ya kumsaidia rafiki aliyekata tamaa. Tarehe 10 Septemba, tangu mwaka 2003, ni Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani, na ukienda kwa mkuu wa shule na pendekezo la namna hiyo, mazungumzo yenu yanaweza kubadilika. Kama atakataa tena, muulize yeye anapendekeza nini kwa vijana waliofiwa na rafiki, kwa sababu kukataa peke yake hakujamaliza wajibu wa shule. Na hao vijana wafundishwe jambo moja ambalo linaweza kuokoa mtu: rafiki akisema anataka kufa, hata akisema "usimwambie mtu", mwambie mtu mzima. Afadhali anune mwezi mzima.

Wazee na pepo lao sitawatukana. Walikuwa wanajaribu kuwalinda kwa njia wanayoijua. Ni kweli kwamba sonona na magonjwa mengine ya akili huweza kuonekana zaidi katika baadhi ya koo, kama yalivyo presha na kisukari, na hilo ni sababu ya kuwa macho na kuwahi hospitali. Haina maana kwamba kuna mtoto aliyeandikiwa. Binti yako akisikia wajomba wanazungumza juu ya mkosi wa ukoo, anaweza kuanza kujiona ndiye anayefuata. Hilo, baba, ndilo ningewaomba wazee waliache, na ningewaomba kwa sababu ya mjukuu aliye hai, maana sababu hiyo wanaweza kuisikia hata wasiposikia nyingine.

Umebaki wewe. Barua yako nzima umeuliza juu ya wengine. Duniani wanaume wanaokufa kwa kujiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake, na sehemu ya sababu ni kwamba wanaume hawaulizwi na hawasemi. Basi nakuuliza kama nilivyokuambia umuulize binti: wewe mwenyewe, usiku ule unapoamka saa nane, huwa unawaza nini? Umewahi kutamani kufa? Kama jibu ni ndiyo, yale ya hospitali niliyoyaandika juu ni yako pia. Kama ni hapana, bado unahitaji mtu wa kukaa naye, na nadhani yule baba wa mtaa wa pili anahitaji vilevile.

Rafu ya vitabu haina haraka. Unaweza kuiacha hivyo ilivyo. Unaweza kuimalizia na alama zake zikabaki upande wa ndani, bila kupitishwa randa. Unaweza kumuuliza binti. Wewe ndiye fundi, utajua.

Jibu hili mke wako atalisoma, umesema anaisoma safu hii. Atawatambua. Ningependa akufahamu kama mwandishi wa barua hii kutoka kwako, kabla hajajiona gazetini, na umwambie kwamba sijamlaumu, wala wewe hukumlaumu. Ukishaongea na binti, niandikie tena nijue amesemaje.